Chéri Samba na mtaa uliohama kwenye turubai

Mtu akisimama kwa mara ya kwanza mbele ya picha ya Chéri Samba, mchoraji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jicho lake hukimbilia uso. Mara nyingi ni uso wa mchoraji mwenyewe, kavaa vizuri, anamtazama mtazamaji kama anayemdai. Mimi nashauri tuanzie nyuma ya uso huo. Katika picha zake za miaka ya 1970 na 1980, nyuma kuna Kinshasa: vyumba vya kupanga, baa, barabara, majirani wenye maneno. Katika nyingi za baada ya mwaka 2000, nyuma kuna anga la buluu, au rangi moja iliyotandazwa, au tufe la dunia linaloelea peke yake. Mtaa umehama. Wapo wanaosema huko ndiko kukomaa kwa msanii, na wapo wanaosema ndiko kujiuza. Naona pande zote mbili zimefanya haraka.

Samba alizaliwa tarehe 30 Desemba 1956 katika kijiji cha Kinto M'Vuila, upande wa Kongo ya Chini, baba mhunzi na mama mkulima. Mwaka 1972 aliacha shule akaingia Kinshasa, akajifunza kazi kwa wachora vibao vya biashara. Mwaka 1975 alikuwa na karakana yake mwenyewe kwenye barabara ya Kasa-Vubu. Hapo ndipo pa kuanzia, maana kibao cha biashara ni chuo kikali kuliko vingi vyenye majengo. Aliyewahi kutazama ubao wa kinyozi Mwanza au Kisumu anajua masharti yake. Kichwa kilichochorwa lazima kionekane kutoka ng'ambo ya barabara, na mtu aliye ndani ya basi linalotembea. Mstari wa nje uwe wazi. Rangi isigombane na jua. Herufi zisomeke, na zikikosewa mwenye duka hakulipi. Wala hakuna nafasi ya kuchora machweo ya jua, labda kama duka lenyewe linaitwa Machweo.

Pamoja na vibao, kijana huyo alikuwa anachora katuni kwa ajili ya jarida la Bilenge Info. Kutoka kwenye katuni alichukua kitu ambacho wachoraji wenye vyeti waliona ni uchafu: maneno ndani ya picha. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwa nini alifanya hivyo. Aliona wapita njia wanatupia picha jicho moja na kuendelea na safari. Akawaza kwamba wakiwekewa kitu cha kusoma, watalazimika kusimama. Akaanza kujaza pembe za picha maandishi ya Kifaransa, Kilingala na Kikongo, mengine maswali, mengine malalamiko, mengine uzushi mtupu wenye heshima zake. Mtindo huo akaupa jina lake, kama fundi nguo anavyoshona lebo yake ndani ya koti.

Hapo ndipo penye ufunguo wa kila kilichofuata. Maandishi yale yalikuwa mtego wa kuwanasa watu wenye haraka zao, watu ambao hawakuwa wamekuja kuona sanaa. Kwenye jumba la maonyesho mtazamaji amelipa kiingilio, ameacha mwavuli mlangoni, ana saa mbili za kupoteza. Kando ya barabara ya Kasa-Vubu hakuna mtu wa namna hiyo. Mchoraji anagombania nafasi na muuza samaki, na spika ya baa, na jua la saa nane. Picha isiyompiga mtu kofi la kirafiki haiuziki.

Hakuwa peke yake. Moké, aliyezaliwa mwaka 1950 na kufariki 2001, alichora usiku wa Kinshasa, wacheza dansi na meza zilizojaa chupa, kwa namna ambayo unaweza karibu kusikia gita. Bodo alikuwepo, Chéri Chérin alikuwepo. Mwaka 1978 wachoraji hawa wa barabarani walionekana katika maonyesho yaliyoitwa Art partout, yaani sanaa kila mahali, kwenye Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, mahali ambapo wengi wao wasingepokelewa kama wanafunzi. Wengi walichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kwa sababu turubai halisi lilikuwa ghali na gunia lilikuwa pale pale jikoni. Hadhira yao ilikuwa ya Kinshasa: wenye baa, watumishi wa serikali, wafanyabiashara wadogo, na mzungu mmoja mmoja aliyepotea njia akiwa na pesa mfukoni.

Nitazame kidogo zile za chumbani, maana huko ndiko alikokuwa mkali kuliko wote. Katika Lutte contre les moustiques ya mwaka 1989, mume na mke wanapambana na mbu. Ndiyo habari yote. Hakuna shujaa, hakuna ujumbe wa wizara ya afya uliobandikwa kwa nguvu. Kuna watu wawili waliochoka, chumba, kitanda, na adui ambaye hajawahi kushindwa tangu dunia iumbwe. Mkazi wa Manzese au wa Likoni hahitaji mkalimani. Mandhari ya picha ni kile chumba chenyewe, na kejeli yote inatoka mle: anasa ya faragha inayoahidiwa na ndoa imegeuka zamu ya ulinzi. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amechora Marche de soutien à la campagne sur le SIDA, maandamano ya kuunga mkono kampeni ya Ukimwi, picha ambayo leo iko katika mkusanyo wa Centre Pompidou mjini Paris. Humo jambo linalonong'onwa majumbani limetolewa barabarani likabebwa mbele ya umati.

Inafaa kukumbuka kwamba kazi hizo zilifanyika chini ya Mobutu, aliyetawala kuanzia 1965 hadi 1997, na kwamba kumcheka rais hadharani haikuwa biashara ya mtu mwenye familia. Samba alicheka wengine: mume malaya, mganga tapeli, mrembo anayejichubua ngozi, msomi anayejisikia. Wapo waliosema alikuwa anakwepa siasa kwa kujificha nyuma ya mahubiri ya maadili, na kweli picha nyingine za miaka hiyo zinahubiri kupita kiasi. Mwanamke hubebeshwa lawama haraka kuliko mwanamume, na mchoraji hujiweka upande wa mashahidi badala ya washtakiwa. Hata hivyo, kumchora mlevi anayerudi nyumbani mfuko mtupu ni kuchora pia uchumi uliomlevya. Mtaani watu walilisoma hilo bila kuandikiwa.

Ndipo ukaja mwaka 1989. Maonyesho ya Magiciens de la terre, yaliyoandaliwa na Jean-Hubert Martin mjini Paris, yaliwakusanya wasanii zaidi ya mia moja, nusu yao kutoka nje ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Samba alikuwemo, pamoja na Mkongo mwenzake Bodys Isek Kingelez, mjenzi wa miji ya karatasi na kadibodi. Mkusanyaji tajiri Jean Pigozzi alipita pale, akashikwa, na kwa msaada wa msimamizi wa maonyesho André Magnin akaanza kununua sanaa ya Afrika kwa wingi ambao haujawahi kuonekana. Kuanzia hapo mtu wa kusimamishwa na maandishi ya Samba hakuwa tena mpita njia wa Kinshasa peke yake. Alikuwa pia mtu wa Paris, ambaye hajui Kilingala na hajawahi kupanga foleni ya maji.

Picha yake ya mwaka huo huo, Paris est propre, ndiyo daraja. Jina lake linasema Paris ni safi, na maandishi yanaeleza ni safi kwa sababu ya nani: wahamiaji wanaofagia mikojo na mavi ya mbwa. Hapa mchoraji ameichukua Paris ya postikadi, ile ambayo watalii huipiga picha wakiwa wameegemeana, akaifanyia alichokuwa akiifanyia mitaa ya nyumbani. Aliuliza swali la mtu wa mtaani: nani anafagia hapa? Mandhari iliyochorwa na kupigwa picha mara nyingi kuliko karibu nyingine yoyote duniani ikapata kwa mara moja wafanyakazi wake. Kwangu hii ni kazi kubwa ya kejeli ya mandhari, kwa sababu haikulichafua jiji hata kidogo. Ililiacha lilivyo, safi na zuri, ikaongeza ufagio.

Miaka minane baadaye alichora Quel avenir pour notre art?, picha tatu zinazouliza sanaa yetu ina mustakabali gani. Yumo yeye, yumo Picasso, yamo masinyago ya Kiafrika mezani. Maandishi yanasema kwamba njia ya msanii ni kukubaliwa Ufaransa, maana aliyekubaliwa huko amekubaliwa duniani kote. Kisha yanauliza kama jumba la sanaa ya kisasa lenyewe si la kibaguzi. Mchokozi. Lakini tazama kilichotokea nyuma ya nyuso. Kinshasa haimo. Na huo ulikuwa mwaka 1997, mwaka ambao Mobutu alikimbia na jeshi la Laurent-Désiré Kabila likaingia mji mkuu likiwa na watoto wenye bunduki waliokuja wakizungumza Kiswahili, walioitwa kadogo. Nje ya karakana yake historia ilikuwa inapita kwa miguu, na yeye alikuwa anashughulika na mlango wa jumba la Paris.

Wanaomlaumu huishia hapo. Nawaelewa, ila lawama hiyo inasahau kwamba Samba hakuwahi kujitangaza kuwa mwandishi wa matukio. Kadogo alimjia baadaye, mwaka 2004, mtoto mwenye sare, na jina la picha linamfanya aseme kwamba anapenda amani na ndiyo sababu anapenda silaha. Sentensi hiyo moja ina uchungu zaidi ya uwanja mzima wa vita uliochorwa kwa mafuta. Lawama ya kweli ni nyingine. Jumba la Paris ni tatizo la msanii, na tatizo la msanii huwavutia wasanii wenzake, wakusanyaji, wasimamizi wa maonyesho. Muuza samaki wa Kasa-Vubu halimhusu. Kwa mara ya kwanza Samba alikuwa amechora picha ambayo mpita njia wake wa zamani angeisoma hadi mwisho kisha aulize, sasa mimi ninaingiaje?

Kejeli inahitaji anwani. Hilo ndilo nililoliona nikipanga picha zake kwa miaka. Mahali panapojulikana, mwenye kosa anajulikana, hata asipotajwa. Mahali pakifutwa, kosa linabaki hewani, na kila mtazamaji anaondoka akidhani linamhusu jirani. Mfano mbaya kwangu ni Le monde vomissant ya mwaka 2004, dunia inayotapika. Imechorwa kwa ustadi, rangi zinapiga kelele, na huwezi kubishana nayo. Nani atabisha kwamba dunia inaumwa? Ni picha ambayo waziri wa nchi yoyote anaweza kuitundika ofisini bila kupoteza usingizi. Mbu wa mwaka 1989 asingekubali kutundikwa huko. Angemkumbusha mheshimiwa mitaro isiyozibuliwa.

Upande wa pili kuna Réorganisation ya mwaka 2002, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kilele cha kazi yake, nayo ina anwani kamili mpaka namba ya ngazi. Iliagizwa na Jumba la Makumbusho la Kifalme la Afrika ya Kati lililoko Tervuren, Ubelgiji, jumba lililozaliwa na mradi wa Mfalme Leopold II. Kwa miaka mingi lilikuwa na sanamu ya mtu-chui, iliyotengenezwa na Paul Wissaert mwaka 1913, inayomwonyesha Mkongo aliyejivika ngozi ya chui akimnyatia mtu aliyelala. Vizazi vya watoto wa Kibelgiji vilimwona Mwafrika kwanza kupitia sanamu hiyo. Samba alichora Waafrika wakiivuta kwa kamba itoke nje kupitia ngazi za jumba, na wazungu wakiivuta irudi ndani. Wazungu wanasema hawawezi kukubali iondoke kwa kuwa ndiyo iliyowafanya wawe walivyo. Mkurugenzi amesimama kando, akisema ni kweli inasikitisha, lakini lazima jumba lipangwe upya.

Ucheshi wa picha hiyo uko katika kazi ya mikono. Mjadala uliokwisha kuandikiwa vitabu na kufanyiwa semina umegeuzwa mchezo wa kuvuta kamba wa sikukuu ya shule. Unaona misuli, unaona miguu inayotafuta pa kukanyaga, na unaona kwamba hakuna upande unaoshinda. Na mkurugenzi, aliyelipia picha, amewekwa mahali pa mtu ambaye siku zote yupo kwenye ugomvi wa mtaani: yule anayesema "jamani, jamani" bila kushika kamba. Jumba lilipofunguliwa tena Desemba 2018 baada ya miaka mitano ya ukarabati, mtu-chui aliwekwa chini, katika chumba cha sanamu zilizoondolewa kwenye maonyesho ya kudumu, na picha ya Samba ikawekwa karibu naye. Kwa hiyo leo picha inamchunga mtu wake. Sijui wachoraji wangapi wamewahi kupata ushindi wa namna hiyo, nao ukiwa umelipiwa na mshindwa.

Mwaka 2003, mwaka mmoja baada ya Réorganisation, akachora J'aime la couleur, yaani napenda rangi, picha yake inayojulikana kuliko zote, na hapo mandhari ikafutika kabisa. Kichwa chake kimekatwa kama ganda la chungwa linalomenywa, kinazunguka katika utepe mmoja mrefu dhidi ya buluu ya angani, brashi ikiwa katikati ya meno. Maandishi yanasema kwamba vichwa vyetu lazima vizunguke ili tutambue kuwa kila kitu kilichotuzunguka ni rangi, kwamba rangi ni ulimwengu, ulimwengu ni uhai na uchoraji ni uhai. Mwaka 2004 Fondation Cartier ya Paris ikampa maonyesho makubwa yaliyoitwa J'aime Chéri Samba, jina linalopokezana na lile la picha. Hapo ndipo waliokuwa wakisema amejipenda kupita kiasi walipopata ushahidi wao.

Nafikiri hawakusoma kibao vizuri. Mchora vibao hajui kuchora nyuma. Hajafundishwa, wala haikuhitajika. Kinyozi anataka kichwa. Mwenye gereji anataka gari. Nyuma hupakwa rangi moja iliyobaki kwenye kopo. Samba wa mwaka 2003 amerudi nyumbani kwa njia ya mzunguko: ana kichwa kimoja, rangi moja nyuma, maneno machache makubwa, na bidhaa inayouzwa ni mchoraji. Kuhusu kutumia uso wake mwenyewe, nina dhana ya kishamba ambayo naiamini. Ukichora uso wa jirani, jirani anakuja mlangoni. Ukichora wako, hakuna wa kukushitaki, na unaweza kujipa kila aibu unayotaka kuwapa wengine. Mtu anayejichora akiwa kichwa kilichomenywa hajisifu kwa njia ya kawaida. Hata unga wa kung'aa anaoupenda kuunyunyiza kwenye rangi umetoka duniani kwa saluni na kadi za harusi. Wenye majumba wameukubali kwa kuwa wameshindwa kumshinda.

Tatizo la picha hiyo kwangu ni jingine, nalo ni dogo: haimchokozi mtu yeyote. Ni nzuri tu. Msanii mwenye ulimi mkali akianza kuchora vitu vizuri tu, wanunuzi hupumua.

Kisha kuna picha inayonivurugia hoja yangu yote, nami naiweka hapa makusudi. Problème d'eau, ya mwaka 2004 vilevile, inamwonyesha Samba amepanda roketi akielekea sayari ya Mirihi kutafuta maji. Nyuma kuna giza la anga za juu. Hakuna mtaa, hakuna Kinshasa, hakuna dunia. Leo imo katika jumba la MoMA mjini New York, na mtazamaji wa huko ataisoma kama onyo kuhusu tabianchi na sayari yetu inayokauka. Mkazi wa Kinshasa ataisoma vingine kabisa. Mji wake umekaa kando ya Mto Kongo, mto wa pili duniani kwa wingi wa maji baada ya Amazon. Bomba la nyumbani ni kavu, mto uko pale unapita mchana na usiku, na mtu mzima anafunga safari kwenda Mirihi. Ni tusi zuri sana kwa idara ya maji, na halitamki hata jina lake.

Kwa maana hiyo mtaa haukufutwa. Umehamia kichwani mwa mtazamaji, na asiyekuja nao hapewi. Mtu wa New York anaiona picha moja na mtu wa Kinshasa anaiona nyingine, katika fremu ile ile. Je, hii ni hila ya muuzaji anayempa kila mteja anachotaka, au ni njia ya mtu wa nyumbani kuendelea kuzungumza na wa nyumbani mbele ya wageni? Naelemea upande wa pili, ingawa sikatai kwamba hila imo. La vraie carte du monde ya mwaka 2011 inafanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Ni ramani ya dunia iliyogeuzwa, kusini juu, Afrika ikiwa imekaa na ukubwa wake halisi, wazo alilolipata kutoka kwa maandishi ya mwanasoka Lilian Thuram. Mtazamaji wa Ulaya anashtuka. Mwafrika aliyefundishwa ramani ile nyingine darasani, akachapwa kwa kusahau mito ya Ulaya, anacheka kwanza.

Ili kupima hatua aliyopiga Samba, ni vizuri kumweka karibu na mchoraji wa upande mwingine wa nchi yake. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, alichora kati ya 1973 na 1974 mfululizo wa picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi yake, kutoka enzi za mababu hadi Mobutu. Kila picha aliieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Katanga, na mtafiti Johannes Fabian akarekodi. Kule picha zilinunuliwa zitundikwe sebuleni, ziwe ukumbusho, ziwape wageni na wenyeji kitu cha kuzungumzia. Tshibumba hakuhitaji kujaza maneno ndani ya turubai kwa sababu maneno yalikuwa chumbani tayari, kwa mwenye nyumba. Samba alichorea barabara, ambako hakuna mwenye nyumba wa kueleza, kwa hiyo picha ilibidi ijieleze yenyewe. Tofauti hiyo ndiyo iliyomsaidia kuvuka bahari: picha yake ilisafiri na mkalimani wake ndani. Za Tshibumba zilihitaji sauti yake, na yeye mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, asionekane tena.

Nairobi nako kuna mtu aliyekutana na swali hili akajibu kivyake. Michael Soi, mtoto wa mchoraji Ancent Soi, amejijengea jina kwa picha za kejeli zenye rangi bapa: vilabu vya usiku, wanasiasa wenye vitambi, na mfululizo wake kuhusu mapenzi ya China na Afrika ambao uliwakera watu waliopaswa kukereka. Soko lake la picha kubwa ni la wenye pesa, kama la Samba. Lakini Soi amechora pia juu ya mifuko ya kitambaa ya kubeba begani, na mifuko hiyo inapanda matatu, inaingia sokoni, inakaa kwenye foleni ya benki. Amepata wapita njia wake tena kwa kuifanya picha yenyewe ipite njia. Sidai kwamba mfuko una uzito wa Réorganisation. Ninasema tu kwamba mchoraji wa mtaa akipoteza ukuta, zipo njia nyingine za kumfikia muuza samaki, na Samba hajazihangaikia sana.

Ana moja, hata hivyo, ambayo wenye majumba huiona kasoro. Anarudia picha. J'aime la couleur imechorwa zaidi ya mara moja, miaka tofauti, na ndivyo ilivyo kwa nyingine kadhaa. Mnunuzi wa Ulaya amelelewa kuamini kwamba picha ya kweli ni moja, na ya pili inapunguza thamani ya ya kwanza. Karakana ya vibao haijui dini hiyo. Mteja akipenda kibao cha jirani, anachorewa chake, kikiwa na mabadiliko madogo ya bei na jina. Samba ameilinda tabia hiyo dhidi ya soko lenye nguvu kuliko yeye, na mimi naihesabu kuwa kitu cha mtaani zaidi kilichobaki katika kazi yake, zaidi ya unga wa kung'aa, zaidi ya Kilingala.

Kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024, jumba la Musée Maillol mjini Paris lilimwonyesha kupitia mkusanyo wa Pigozzi, na waliokwenda waliona karibu njia yake yote katika vyumba vya jengo moja. Mkazi wa Ngiri-Ngiri, mtaa wa Kinshasa, anayetaka kuona hayo hayo anategemea simu. Kwa mtu anayefanya kazi kati ya Kinshasa na Paris, na asiyeona haya kuchora picha ile ile mara ya pili, dawa haiko mbali. Problème d'eau nyingine, yenye roketi ile ile na kiti kile kile, ingeweza kuchorwa kwa ajili ya ukuta mmoja wa barabara ya Kasa-Vubu. Na pale asijisumbue na maandishi marefu. Atakaowakuta wakipita na madumu ya njano watamalizia wenyewe.